Askofu Steere wa Mkunazini: nani alimfundisha Kiswahili?

Tumaini wa Alto

Shikamooni wakubwa, na rika langu habari za leo.

Naombeni msaada. Kwaya yetu ilivuka kwenda Unguja kuimba, na asubuhi ya kurudi, kabla ya boti, tukapitishwa kanisa la Mkunazini. Mwongozaji alieleza sana habari za soko la watumwa. Tukashushwa kwenye vile vyumba vya chini, wengine wakatoka wanalia. Ndani ya kanisa akatuonyesha duara la marumaru nyeupe mbele ya madhabahu, akasema hapo ndipo uliposimama mti wa kuwachapia watu. Nyuma ya madhabahu nikaona kaburi. Nikauliza la nani. Akasema, "La askofu aliyejenga," akapita mbele kwa sababu muda ulikuwa umetubana.

Jina nililisoma mwenyewe: Edward Steere. Nimerudi Dar, padri amenipa kazi ya kuzungumza na vijana wa kipaimara kwa nusu saa juu ya mtu huyu. Nimetafuta nikapata kwamba alizaliwa London mwaka 1828, akasomea sheria, akawa wakili, akaacha, akawa padri, akawa askofu mwaka 1874, akafa Unguja Agosti 1882. Basi. Ukisoma hivyo dakika moja imekwisha, na vijana wameshalala.

Halafu kaka mmoja wa besi alisema tukiwa ndani ya boti, "Huyo ndiye mzungu aliyetengeneza Kiswahili sanifu." Nilinyamaza kwa sababu sikuwa na la kujibu, lakini neno lile limenikaa kooni mpaka leo. Mtu anafika Unguja mwaka 1864 akiwa na miaka 36, lugha si yake, na mwaka 1870 kitabu chake cha sarufi ya Kiswahili kimeshatoka. Kuna mtu alikaa naye akamfundisha. Ni nani? Mwenye kujua anisaidie, hata kama ni kidogo.

Mtembeza Wageni, Mji Mkongwe

Dada Tumaini, pole kwa kuharakishwa. Natembeza watu pale mwaka wa kumi na tisa sasa, kwa hiyo acha nikupe yale ya jengo, ya lugha wengine watakujibu.

Soko lilifungwa Juni 1873, Sultani Barghash alipotia saini mkataba. Kiwanja kile sehemu yake ilinunuliwa na padri kijana wa misheni, Arthur West, na sehemu nyingine ilitolewa na mfanyabiashara wa Kihindi, Jairam Senji. Hilo la Mhindi wageni wengi hawalijui, nami nalisema kila siku. Kwanza kulikuwa na banda la udongo tu, na Steere alikuwa akihubiri mle kwa Kiswahili. Jiwe la msingi la kanisa liliwekwa Krismasi ya mwaka huohuo, 1873.

Ukirudi tena, inua macho uangalie dari. Ni tao moja refu kama mtumbwi uliofunikwa, la matumbawe yaliyopondwa na saruji. Watu wa mjini walisema litaanguka, na Steere akalijenga hivyo hivyo. Halijaanguka. Nyuma, karibu na mahali pa ubatizo, kuna nguzo za marumaru zilizosimamishwa kichwa chini. Husimuliwa kwamba askofu alikuwa safarini, mafundi wakaziweka wanavyojua, na aliporudi akaziacha. Na ule msalaba wa mti umetokana na mti wa kule Chitambo, Zambia ya leo, ulipozikwa moyo wa Livingstone.

Kuhusu vyumba vya chini, hili nalisema kwa sababu ni kazi yangu na nataka kuwa mkweli. Soko lilikuwa uwanja wa wazi. Jengo lililo juu ya vyumba vile lilijengwa na misheni kuwa hospitali, baada ya soko kufungwa. Wanahistoria wamekuwa wakibishania kama kweli watumwa walifungiwa mle. Mateso ya watu wale ni ya kweli bila vyumba. Mimi siku hizi nawaeleza wageni hivyo, na wanasikiliza.

Mzee wa Herufi

Marahaba, mwanangu Tumaini. Umeuliza swali ambalo nimelibeba tangu nikiwa kijana, kwa hiyo nivumilie nikiandika kirefu.

Mimi ni mtu wa Mtandi, Masasi. Kazi yangu ya maisha ilikuwa uchapaji. Nilianza mwaka 1970 katika kiwanda cha chapa, enzi za herufi za risasi, yaani herufi za madini zilizopangwa kwa mkono, kabla ya hizi kompyuta. Steere nimemjua kwanza kwa njia ya babu yangu, aliyekuwa katekista, na pili kwa njia ya vidole vyangu. Nitakueleza hilo la vidole, maana ndilo ninaloweza kukupa ambalo hutalipata kwingine.

Kwanza mtu mwenyewe. Kabla ya Afrika alikuwa padri wa kijijini huko Lincolnshire, upande wa bahari, pale Skegness, miongoni mwa wavuvi na wakulima. Jirani yake alikuwa padri Tozer. Tozer akateuliwa askofu wa misheni ya vyuo vikuu, ile tuliyoizoea kwa jina la UMCA, kwa sababu askofu wa kwanza, Mackenzie, alikuwa amefariki kwa homa kule mto Shire Januari 1862. Steere akamfuata rafiki yake kumsaidia. Hakuja kutafuta uaskofu. Wakajaribu kukaa kule kwenye mlima Morambala, maradhi yakawamaliza, na Agosti 1864 wakahamia Unguja. Livingstone alikasirika sana kwa uamuzi ule. Mimi nauona ulikuwa sahihi, maana Unguja ndiko njia zote za bara zilikoanzia, na ndiko lugha ilikokuwa.

Sasa wanafunzi wa kwanza. Walikuwa wavulana watano, waliokamatwa kwenye jahazi la watumwa na kutolewa kwa misheni na Sultani Majid. Watano tu. Mmoja wao ndiye John Swedi, ambaye mwaka 1879 Steere alimwekea mikono kuwa shemasi. Fikiria safari ya mtoto yule. Anatolewa kwao, anashindiliwa kwenye ngama ya jahazi, halafu miaka kumi na mitano baadaye anasoma Injili mbele ya watu mahali palipokuwa soko.

Watoto walioletwa baada yao walikuwa wa kila kabila: Wayao, Wamakua, Wanyasa, Wanyamwezi. Lugha ya mmoja mwingine haijui. Kiswahili ndicho kilichowakutanisha, na wote walikuwa wanajifunza, askofu na wao pamoja. Ndiyo maana utakuta Steere hakukusanya Kiswahili peke yake. Alitoa na vijitabu vya Kishambaa, Kiyao, Kinyamwezi na Kimakonde. Ukijiuliza aliyajulia wapi maneno ya Kiyao akiwa amekaa Unguja, jibu ni hao watoto na watu wazima waliokombolewa. Maneno mengi mle yametoka vinywani mwa watu waliowahi kuuzwa.

Ninafika kwenye vidole. Misheni ilikuwa na mtambo mdogo wa kuchapia. Steere alijifunza mwenyewe kuutumia, akawafundisha wale vijana kupanga herufi. Wakili huyo, daktari wa sheria wa Chuo Kikuu cha London, mikono imejaa wino.

Kupanga herufi ni hivi. Unashika stiki, kile kibao cha chuma cha kupangia mistari, kwa mkono wa kushoto. Mkono wa kulia unachota herufi mojamoja kutoka kwenye trei yenye vyumba vyumba. Herufi zimegeuka kama kwenye kioo, na mstari unaupanga ukiwa kichwa chini, toka kushoto kwenda kulia. Kwenye ubavu wa kila herufi kuna kijifereji, na kidole gumba ndicho kinachokuambia kama umeishika sawasawa, maana macho yanadanganya. Herufi n inafanana na u. Na b, d, p, q ni ndugu wanne wanaobadilishana nguo. Mwaka wangu wa kwanza nilipanga kadi ya harusi, "Bwana na Bibi" ikasomeka "Bwaua na Bidi", zikachapwa mia mbili kabla mtu hajaona. Nililia siku ile.

Sasa sikiliza. Trei za herufi tulizokuwa nazo zilitengenezwa kwa ajili ya Kiingereza. Kiingereza kinakula herufi e kuliko zote, kwa hiyo chumba cha e ni kikubwa na kimejaa. Chukua sentensi ya kwetu ya kawaida kabisa: "Bwana akawaambia wanafunzi wake." Hesabu. Herufi a ziko 10. Herufi w ziko 4. Herufi e iko moja, na imengoja mpaka neno la mwisho. Tulikuwa tukipanga nusu ukurasa wa Kiswahili, a zimekwisha, tunachapa hiyo nusu, tunazirudisha herufi kwenye trei, ndipo tunapanga nusu ya pili. Na e zimelala zote, nzima, hazijaguswa.

Siku nilipotambua hilo niliacha stiki mezani nikakaa. Nilimwona Steere na wale vijana Unguja miaka mia moja kabla yangu, na trei ya Kiingereza mbele yao, wanaishiwa a. Hakuna aliyeniambia kwamba ilikuwa hivyo. Ni lugha yenyewe, haiwezi kuwa vingine. Nikasema, hawa ni mafundi wenzangu. Wamepita hapa.

Babu aliacha kitabu cha sala kisicho na jalada. Ndani yake Mungu ameandikwa "Muungu", u mbili. Ndivyo Steere alivyoandika. Dhambi kwake ni "thambi", kwa sababu hakuwa ametenganisha th na dh. Nilipokuwa mdogo nilidhani ni makosa ya chapa. Baadaye nikaelewa kwamba naona lugha ikiwa bado inashonwa, mshono uko nje.

Nimalizie na safari ya kwetu, usiiache katika mazungumzo yako. Oktoba 1876 Steere aliondoka Unguja na watu zaidi ya hamsini waliokombolewa, wanaume na wanawake, nia ikiwa kuwarudisha makwao upande wa Nyasa. Wakashuka Lindi, wakatembea kwa miguu. Walipofika kwenye miamba ya Masasi, ardhi ni nzuri na maji yapo, hawakuendelea. Mji wa Kikristo wa Masasi umeanza na wao. Askofu aliwasaidia kukaa, kisha akarudi Unguja kwenye kanisa lake na karatasi zake. Hakuwa mtu wa kukaa akihesabu alichoanzisha.

Alifariki ghafla Agosti 1882. Mwezi uliofuata Magwangwara, ndio Wangoni, waliivamia Masasi, wakachoma na kuteka watu. Babu alikuwa akisema Mungu alimficha asione.

Mvita Kongowea

Salamu kutoka Mombasa. Mzee, nimesoma maelezo yako ya herufi mara mbili, shukrani.

Nataka kumjibu yule kaka wa besi. Hakuna mzungu aliyetengeneza Kiswahili. Huku kwetu Krapf, mmisionari Mjerumani, alikuwa ameshafika tangu mwaka 1844, akaandika Kimvita, Kiswahili cha Mombasa, na kamusi yake kubwa ilitoka 1882, mwaka uleule aliokufa Steere. Krapf aliandika sauti zetu kwa mazoea ya Kijerumani, kwa hiyo *ch* yetu kwake ni "tsh". Steere akachagua herufi nyepesi, na hilo lilisaidia kazi yake kuenea. Lakini yeye alifuata Kiunguja kwa sababu aliishi Unguja. Uamuzi wa kufanya Kiunguja kuwa msingi wa lugha ya shule katika nchi zote za Afrika Mashariki ulipitishwa katika mkutano wa hapa Mombasa mwaka 1928, na kamati ya lugha ikaundwa 1930. Steere alikuwa ameshalala kaburini kwake karibu miaka hamsini. Vitabu vyake vilitumika kama hoja, sawa. Sisi wa Mombasa hatukufurahi na mpaka leo wazee wetu hawajafurahi, maana washairi wakubwa walikuwa huku. Biblia yenyewe ilibaki mbili, ya Kiunguja na ya Kimvita, mpaka ilipotoka ile ya pamoja mwaka 1952.

Bint Vuga

Assalaam aleikum nyote.

Mzee wa Herufi, shikamoo. Umeandika kwa mapenzi na nimefaidika. Lakini swali la Tumaini lilikuwa nani alimfundisha, na jibu lako limeacha mtu muhimu nje. Watoto waliotoka bara hawakuwa na Kiswahili cha kumfundisha mtu atakayefasiri Zaburi. Nao, kama ulivyosema mwenyewe, walikuwa wanajifunza.

Kulikuwa na Sheikh Abdulaziz bin Abdulghani al-Amawi. Asili yake Barawa, mwanachuoni mkubwa, kadhi hapa Unguja, mtu wa tarika ya Kadiria, yaani njia ya masufi. Akiwa kadhi wa Sultani, alikaa na Steere. Alimsaidia kupata maneno ya Zaburi kwa Kiswahili kizuri, kutoka kwenye Kiarabu. Sheikh na padri, kila mmoja na dini yake kamili, hakuna aliyemwachia mwenzake hata shubiri, lakini karatasi iko katikati yao. Sisi Waislamu tunaziamini Zaburi za Nabii Daudi, kwa hiyo mimi sioni ajabu kwamba sheikh alikubali.

Na ukitaka ushahidi usiohitaji kitabu, sikiliza ibada yenu wenyewe. Sala. Imani. Dhambi. Toba. Rehema. Neema. Malaika. Nabii. Sadaka. Injili. Zaburi. Msalaba. Hata neno kanisa, hata kasisi, hata huyo *askofu* tunayemjadili, yote yamepitia Kiarabu. Padri ndilo la Mreno. Steere angeweza kuleta maneno ya Kilatini akayalazimisha, na hakufanya hivyo. Aliyakuta maneno yameshasaliwa, akaomba kuyatumia. Kwa hilo namheshimu, na nasema kwa dhati.

Hadithi alizochapa mwaka 1870, za Sultani Darai na paa wake, za kima na papa na punda wa dobi, za Goso mwalimu, ni hadithi za mabaraza yetu. Bibi yangu alinisimulia ya punda wa dobi bila kujua kusoma herufi ya Kirumi hata moja.

Hapo kwenye herufi za Kirumi ndipo penye donda langu. Babu yangu alikuwa akiandika Kiswahili kwa herufi za Kiarabu, mwandiko kama shanga. Alikuwa na barua, mashairi, madeni ya karafuu, yote ameyaandika kwa mkono wake. Walipokuja watu kuandikisha wakazi, wakamwandika "hajui kusoma na kuandika". Alikuwa amekaa na kalamu mkononi! Steere hakuandikisha mtu yule, najua. Lakini mlango aliouchagua ndio uliotumika kuwafungia nje watu kama babu. Mkisifu herufi zake za risasi, na hilo mlitaje.

Mzee wa Herufi

Marahaba, binti yangu, wa aleikum salaam.

Nimesoma ulichoandika jana usiku, nikalala nikaamka nacho. Umenisahihisha mahali ninapostahili kusahihishwa. Miaka yote nimesimulia habari hii kama ya askofu na watoto wa jahazi, kwa sababu mimi ni wa ukoo wa watu hao. Hadithi ilikuwa tamu kwangu ikiishia hapo. Lakini mpangaji herufi anajua: mtu hupanga kilicholetwa mezani kimeandikwa. Vijana walipanga, Steere aliandika, na maneno Steere aliyapata kwa mtu aliyeyalea. Sheikh al-Amawi nitamtaja kila nitakaposimulia tangu leo.

Juu ya babu yako sina la kujitetea. Nitakuambia tu nilichokiona. Kiwandani kwetu kulikuwa na sanduku moja la herufi za Kiarabu, kwenye rafu ya juu, limejaa vumbi. Sikuwahi kuona likishushwa, na hakuna aliyefundishwa kulitumia. Niliwahi kumuuliza msimamizi, akasema hakuna wateja. Nilikubali jibu lile, nikiwa kijana wa miaka ishirini, na wateja wa aina ya babu yako walikuwa hai wakati ule, wanaandika kwa mkono. Nilipaswa kuuliza mara ya pili.

Na hapa Tumaini, nadhani ndipo penye mazungumzo yako. Mueleze Steere kama mtu aliyekubali kufundishwa. Alikuwa na shahada kubwa, angeweza kufika pale akadai watu wajifunze Kiingereza. Badala yake akiwa na umri wa mtu mzima aliketi chini ya kadhi Mwislamu ajifunze, na akaketi na watoto ambao wiki chache nyuma walikuwa bidhaa. Akamwuliza kila mmoja, hili mnaliitaje? Alifanya hivyo miaka kumi kabla hajavaa kofia ya askofu, na aliendelea baada ya kuivaa. Uaskofu wenyewe ulimjia kwa sababu Tozer aliugua akajiuzulu. Aliwekwa wakfu 24 Agosti 1874, sikukuu ya Mtakatifu Bartholomayo, na kanisa kuu letu la Masasi linabeba jina la huyo Bartholomayo pamoja na Bikira Maria. Kila mwaka ikifika siku hiyo nampigia kengele moyoni.

Mtembeza Wageni, Mji Mkongwe

Mzee na Bint Vuga, mmenipa kazi. Nimekuwa nikisimama kwenye kaburi lile na kusema "askofu aliyejenga". Kesho nina kundi saa tatu. Nitaongeza kadhi.

Tumaini wa Alto

Jamani. Nimesoma haya yote ndani ya daladala, nikapitiliza kituo.

Asanteni sana. Kaka wa besi nimempa asome mwenyewe jibu la Mvita Kongowea, amesema ameelewa. Bint Vuga, nimemwomba padri niwasomee vijana ile orodha yako ya maneno, sala mpaka askofu, kisha niwaulize yametoka wapi kabla ya kuwaambia. Amekubali. Na habari ya babu yako nitaisema, sitaruka.

Mzee, nina ombi, ukiona ni kubwa kataa. Unakaa Dar? Kile kibao, stiki, bado unacho? Vijana wangu wako kumi na wawili, hakuna hata mmoja aliyewahi kugusa herufi ya risasi. Wanaandika kwa kidole gumba tu kwenye simu.

Mzee wa Herufi

Niko Buguruni, mwanangu, na stiki ninayo. Kiwanda kilipofungwa mitambo iliuzwa chuma chakavu, nikaomba stiki yangu na kopo moja la herufi, wakanipa. Viko kabatini, nimevifunga kwenye kanga ya marehemu mke wangu.

Nitakuja. Niambie Jumamosi ipi na saa ngapi. Kila kijana atapanga jina lake mwenyewe, kichwa chini, kama walivyopanga vijana wa Unguja, tutapaka wino na kugandamiza kwenye karatasi kwa mkono, haihitaji mashine. Waambie wavae nguo za kazi, wino ule hautoki.

Ila nitumie majina yao mapema. Nimemwaga kopo mezani sasa hivi nikahesabu. Herufi e ninazo 61. Herufi a zimebaki 19, na watoto wa siku hizi ni akina Amani, Baraka, Hawa na Abraham. Nataka nijue kama zitatosha wote, au tupange kwa zamu.